Usiku wa sindano

Saa nane usiku Mjomba alinipigia simu kunitajia watu wanaomdai.

Nilipokea nikijua kuna msiba. Simu ya saa nane katika ukoo wetu haijawahi kuleta habari nyingine. "Shikamoo Mjomba." "Marahaba," akaitika kwa sauti ya mtu aliyelala kifudifudi, kisha akaanza: seremala wa Kongowe, laki moja na ishirini. Mwenye duka la vifaa vya umeme, elfu arobaini na tano. Na kuna mzee mmoja wa pale kijiweni atakuja kudai elfu kumi ya kahawa, lakini huyo ni mwongo, asipewe. "Andika," akaniambia. "Nikiondoka watajitokeza wengi."

Nikamuuliza anaumwa nini.

"Baridi. Imeingia mpaka kwenye mifupa. Na kichwa kinagonga. Mwanangu, ile sindano imenimaliza."

Ningecheka, ila meno yangu mwenyewe yalikuwa yanagongana. Nilikuwa nimejifunga kanga mbili, juu yake blanketi, juu ya blanketi koti la mvua la mume wangu kwa sababu ndilo lililokuwa karibu na kitanda. Mchana wa siku ile tulikaa benchi moja mimi na Mjomba, tukachomwa bega la kushoto mmoja baada ya mwingine, na nesi yule yule, kutoka kichupa kimoja. Kichupa cha Janssen, chanjo ya korona, kilikuwa cha watu 5. Wale watatu wengine waliokunywa nasi chungu kimoja sijui usiku wao uliwaendeaje.

Ilikuwa Agosti 2021, na asiyekuwapo Tanzania mwaka ule atashangaa mtu mzima wa miaka 58 kuandikisha wosia kwa sababu ya homa. Januari Rais Magufuli alisema hadharani kwamba chanjo hazifai, na kwamba wazungu wangekuwa na uwezo huo wangeshaleta chanjo ya UKIMWI. Sisi huku tulikuwa kwenye nyungu, tunajifukiza. Machi akafariki. Julai 24 zikashuka Dar es Salaam dozi 1,058,400 za Janssen, msaada wa Marekani kupitia COVAX, mpango wa dunia wa kugawana chanjo, na Julai 28 Rais Samia akachomwa mbele ya kamera. Miezi sita kutoka "hazifai" mpaka "jitokezeni". Kichwa cha mtu hakigeuki haraka kiasi hicho bila shingo kuuma.

Halafu kulikuwa na ile fomu. Nimezaa mara mbili, nimeng'olewa jino, nimechomwa dripu za malaria nisizoweza kuzihesabu, na sikumbuki hata siku moja kuulizwa kama naridhia. Siku ile tulipewa karatasi ya kuridhia tutie saini. Mjomba aliisoma yote, akavua miwani, akaifuta, akaisoma tena. "Mbona panadol sitii saini?" Nesi akamjibu kwamba ni utaratibu. Kwa mwandishi wa karatasi ile nadhani lilikuwa jambo la heshima, mtu aulizwe kabla ya kuguswa. Kwa msomaji aliyekaa kwenye benchi lilikuwa tangazo kwamba huku mbele kuna shimo na serikali haitaki kulaumiwa.

Mjomba alikuwa na haki ya kwenda kwa umri wake, mimi kwa pumu yangu. Mwanzoni walitangulizwa watumishi wa afya, wenye miaka 50 na kuendelea, na wenye maradhi ya kudumu. Baada ya kuchomwa tukaambiwa tukae dakika 15. Hatukuambiwa ni za nini. (Ni kwa ajili ya mzio mkali, ule wa kuvimba koo na kukosa pumzi. Hutokea kwa nadra sana, ila ukitokea mara nyingi hutokea katika dakika hizo hizo za mwanzo, na dawa yake huwa pale pale. Hayo nilikuja kuyajua baadaye.) Dakika zikaisha, tukapewa kadi, tukaambiwa haya, nendeni salama. Kuhusu usiku, hakuna aliyesema neno.

Mama yangu yuko Muheza. Nilimpigia alfajiri, baada ya kumtuliza Mjomba na kumwandikia seremala wake kwenye daftari la mtoto la hisabati. Nikamweleza dalili zote kwa mpangilio kama niko kwa daktari. Akaniacha nimalize.

"Homa ya sindano," akasema. "Kwani huijui? Umezaa watoto wawili."

Akaniuliza kama nimekunywa maji, akaniambia nimeze panadol, nile machungwa, nilale. Akakata. Nilibaki nimeshika simu, naona aibu, kwa sababu nilikuwa naijua. Wanawake wote wa nchi hii waliowahi kukaa kwenye benchi la kliniki wanaijua. Mtoto akifikisha wiki 6 anachomwa penta, wiki 10 tena, wiki 14 tena, na usiku wa siku hiyo watu hawalali. Penta ni chanjo tano ndani ya sindano moja: dondakoo, pepopunda, kifaduro, homa ya ini na Hib, yule kidudu wa kichomi na uti wa mgongo. Mwenye fujo kati ya hao watano ni kifaduro. Aina tunayotumia sisi ina bakteria mzima aliyeuawa, na mwili ukimwona hauulizi kama ni maiti au yu hai, unapandisha moto. Nchi tajiri zilihamia kwenye kifaduro kilichochambuliwa, chenye vipande tu vya bakteria, ambacho homa yake ni ndogo. Sisi tumebaki na kile cha usiku mrefu.

Ile benchi ni chuo. Asubuhi, kabla ya mizani, nesi anasimama mbele na watoto wanalia na yeye anapaza sauti juu yao: leo wengine watachomwa sindano ya paja, mtoto atachemka, paja litavimba kidogo, msikande, msipake kitu, msimfunike mablanketi, mnyonyesheni. Akikataa ziwa au akitupa viungo, mleteni hata usiku. Hapo nesi amemaliza, wanaanza wenye uzoefu. Mama wa watoto wanne anamgeukia binti wa miaka kumi na tisa mwenye mtoto wa kwanza, anamwambia mwanangu leo pika mapema, fua mapema, maana jioni hutashika kitu. Unajua kwamba ile sindano ya begani anayochomwa akizaliwa, ya kifua kikuu, itanyamaza wiki kadhaa ukaisahau, halafu kitatunga kipele, kitatoa usaha, kitaacha kovu, na usikitumbue. Unajua kwamba surua haichemshi siku ile, huja kuchemsha baada ya wiki moja au zaidi, wakati wewe umeshasahau na unaanza kumlaumu mbu. Haya yote nilifundishwa na wanawake ambao sijui majina yao.

Kwa hiyo mtoto wangu alipochemka usiku ule wa penta ya kwanza, mwaka 2014, sikumpigia mtu simu. Nilimvua nguo, nikachovya kanga kwenye maji ya vuguvugu, nikawa namfuta kwapani na shingoni, yeye analia kilio kile chembamba cha mtu aliyeonewa, mimi namwambia pole, pole baba, pole. Saa kumi na moja akalala. Nami nikalala nimekaa. Haikunijia hata kidogo kwamba amewekewa sumu.

Sasa ujiulize Mjomba angeyajua wapi. Ana watoto sita. Usiku wa sindano zao zote alikuwa chumba cha mbele.

Ndiyo maana mwaka ule nilijifunza kusikiliza homa za wanaume kwa sikio lingine. Kwenye kundi letu la WhatsApp la ukoo, wiki ile, shemeji yangu alitangaza kwamba mkono haunyanyuki. Binamu akaandika kwa herufi kubwa kwamba anahisi "vitu vinatembea". Mwingine akauliza, akafuta, akauliza tena, kama ni kweli inamaliza nguvu za kiume. Wanawake tulikuwa tumechemka vile vile, tumepika, tumelala. Shangazi aliandika sentensi moja tu: "Karibuni leba." Kundi likanyamaza mpaka magharibi.

Si haki kucheka tu, najua. Hofu ilikuwa kweli. Siku ya tatu, homa imeshaisha, nilimkuta Mjomba uani amevua shati, ameshika sumaku ya spika ya redio mbovu, anaipitisha polepole juu ya bega lake, amefumba jicho moja kama fundi anayeangalia kama ukuta umenyooka. Walikuwa wamemtumia video ya mtu aliyegandwa na sarafu pale alipochomwa. Akaibandika. Ikaanguka. Akafuta jasho begani kwa kiganja, akaibandika tena. Ikaanguka kwenye ndoo. "Labda sumaku imekufa," akasema, akaijaribu kwenye bawaba ya mlango. Ikaganda. Tukaitazama ile sumaku pale mlangoni, wote wawili, kwa muda. Kisha akavaa shati.

Nilipopata nafuu nilianza kusoma, kwa kuwa mtu anayekaa na kompyuta ya stationery siku nzima hana kisingizio. Namba zilikuwapo tangu mwanzo, hazikuwa siri. Katika jaribio kubwa la Janssen karibu nusu ya waliochomwa walisema pale pa sindano panauma. Karibu 4 kati ya 10 waliumwa kichwa, na karibu idadi hiyo hiyo walichoka kupita kawaida. Maumivu ya misuli, theluthi. Homa yenyewe 9 kati ya 100. Na vijana walichemka zaidi ya wazee. Wahudumu wetu huita haya yote "maudhi madogo madogo", neno zuri, nalipenda, lina adabu ya mgeni aliyekaa kidogo kuliko ilivyotarajiwa. Ila neno zuri halisaidii likibaki kwenye semina. Mtu akiambiwa mchana "leo usiku unaweza kutetemeka, kesho jioni utakuwa umekwisha tetemeka," akitetemeka atatazama saa. Asipoambiwa, ataita seremala.

Na kuna upande wa pili, maana kuambiwa nako kunaumiza. Mwaka 2022 watafiti walikusanya majaribio kadhaa ya chanjo za korona wakawatazama wale waliochomwa maji matupu, wasiojua kwamba ni maji. Zaidi ya theluthi yao walilalamika kichwa, uchovu na mengineyo baada ya sindano ya kwanza. Nilipomsomea Mjomba akakasirika: "Kwa hiyo mimi nilijitungia?" Hapana. Meno yake niliyasikia kwenye simu. Na wale wa maji hawakuwa waongo, vichwa viliwauma kweli. Mtu akishalala huku anausikiliza mwili wake, hakosi cha kusikia. Nami ule usiku sijui kiasi gani kilikuwa cha Janssen na kiasi gani cha ile karatasi ya saini.

Shemeji yule wa mkono aliendelea. Siku ya tisa alipandwa na homa kali, akatapika, na nyumba nzima ikawa imeshakubaliana na sababu. Alikataa hospitali kwa hoja kwamba huko ndiko walikomchoma. Mke wake akamchukua kwa nguvu. Kipimo cha kidole, dakika 15, mistari miwili: malaria. Akameza dawa mseto siku tatu, akapona, na mpaka leo akisimulia anasema "ile malaria niliyopewa na chanjo". Nimeacha kubishana naye. Ukichoma watu milioni moja katika nchi yenye mbu, siku ya tisa wapo watakaokuwa na malaria, na wapo watakaopata kiharusi, na wapo watakaoachwa na wachumba, na wote watakumbuka tarehe ya sindano kwa kuwa imeandikwa kwenye kadi.

Ningeweza kuishia hapo, upande wa wenye akili, na wasomaji wangu wa mjini wangenipigia makofi. Lakini kuna fundi cherehani ng'ambo ya barabara yetu.

Alichomwa juu mno. Nilimwuliza anionyeshe, akaweka kidole karibu kabisa na ncha ya bega, pale penye mfupa, badala ya kwenye mnofu chini yake. Wengine tuliumwa siku mbili, yeye miezi minne. Cherehani yake ni ya miguu, na gurudumu lake la kuanzishia anatumia mkono wa kulia, kwa hiyo alishukuru. Ila nguo huisukuma kwa kushoto. Kila akinyoosha mkono kupokea kitambaa upande wa pili alikuwa anafumba macho. Alirudi kituo kile cha afya, akaambiwa ni uzee. Ana miaka arobaini na moja. Jambo lenyewe linajulikana: sindano ikiingia kwenye maungio ya bega badala ya msuli inaweza kuwasha uvimbe unaodumu, na hapo kosa si la dawa iliyomo, ni la mkono uliochoma na labda mgonjwa ambaye hakuvua blauzi vizuri. Kuna fomu ya kuripoti mambo ya namna hii, ya njano, huishia TMDA, mamlaka ya dawa na vifaa tiba. Hakuna aliyeitoa kwenye droo. Alichopewa ni diklofenaki.

Na ile ya damu kuganda nayo haikuwa uzushi. Aprili 13, 2021 Wamarekani wenyewe walisimamisha Janssen kwa siku kumi, kwa sababu ya wanawake 6, umri kati ya 18 na 48, walioganda damu kichwani huku chembe sahani, zile zinazosaidia damu kuganda, zikiwa chini. 6 kati ya dozi zaidi ya milioni 6.8 zilizokwisha tolewa. Dalili zilianza siku ya 6 mpaka ya 13. Ni nadra kuliko vitu vingi tunavyovipanda kila siku, ukianzia bodaboda. Lakini walioiletea breki walikuwa 6 waliosikilizwa. Sisi hata mmoja, mwenye bega bovu, tulishindwa kumwandika.

Jingine ni la kwangu, na nimelisitasita. Mwezi ule siku zangu zilikuja mapema, na zilikuja kama bomba lililopasuka. Sikusema. Nilimwuliza rafiki mmoja kwa kuzungukazunguka, akaniambia "na wewe?" Tukamwuliza wa tatu. Tulikuwa wanne kabla ya wiki kuisha, tunanong'onezana dukani nyuma ya mashine ya fotokopi. Katika ile orodha ya bega, kichwa, uchovu, homa, hili halikuwamo, kwa sababu kwenye majaribio hawakuulizwa. Mtu asipoulizwa hajibu, na asipojibu inaandikwa hakuna. Januari 2022 ukatoka utafiti wa Marekani wa wanawake karibu 4,000 waliokuwa wakiandika mizunguko yao kwenye programu ya simu: baada ya chanjo mzunguko ulirefuka kwa wastani wa chini ya siku moja, kisha ukarudi. Oktoba mwaka huo wadhibiti wa dawa wa Ulaya wakapendekeza damu nzito ya hedhi iandikwe miongoni mwa maudhi ya chanjo za Pfizer na Moderna. Kwa hiyo tulikuwa sahihi, ingawa yangu ilikuwa Janssen na ilikuja mapema badala ya kuchelewa. Wastani ni kama bei ya nyanya ya taifa, haiwezi kukuambia ulinunua bei gani wewe.

Baina ya Agosti ile yetu na ule utafiti wa Januari kuna miezi mitano. Katika miezi hiyo mtaani ilikuwa imeshasemwa, kwa uhakika kabisa, kwamba chanjo inafunga kizazi. Ilikuwa imesemwa pia mwaka 2018 wasichana wa miaka 14 walipoanza kuchomwa ile ya saratani ya mlango wa kizazi nchi nzima, na mpwa wangu alizirai kwenye foleni kabla hata sindano haijamgusa. Kenya ilisemwa 2014 kuhusu pepopunda. Mwanamke anaona damu yake imebadilika, anauliza, anaambiwa hakuna kitu kama hicho. Jirani anamwambia kipo, na anajua sababu yake. Unadhani atamsikiliza nani?

Mwaka 2023 mdogo wangu alijifungua, akaja kukaa kwangu. Siku ya penta ya kwanza nilikuwa na mzigo wa mitihani ya kuchapa, mume wangu yuko safarini, akajitolea Mjomba kumsindikiza kliniki. Mdogo wangu alinisimulia akiwa anafuta machozi ya kicheko: mwanaume peke yake kwenye benchi zima, amekaa wima na balagashia, amepakata mtoto kama anayeshika mwiko wa ujenzi wenye saruji mbichi. Nesi alifundisha, akamaliza, akauliza nani ana swali. Mjomba akasimama.

"Nesi, umesema atachemka. Saa ngapi?"

Nesi akasema haiwezi kujulikana, huanza jioni au usiku, mara nyingi siku ya pili huwa imetulia.

"Na chumbani wakae watu wangapi?"

Kina mama wakacheka. Yeye hakucheka, alikuwa amefungua daftari dogo. Nesi akamwambia wawili wanatosha, wapokezane.

Mtoto alianza saa mbili. Mimi na mdogo wangu tulipokezana, kanga, maji, ziwa, kanga. Saa nane simu ikaita, na kwa mara nyingine nikashtuka kwa mazoea.

"Shikamoo Mjomba."

"Marahaba. Imeshuka?"

Nikamwambia bado.

"Basi sikati," akasema, na nikasikia kitanda chake kikilia, anakaa.